Mtoto Tuliyemvundika kwa Chupa za Mgodini

Watu wa Kaisho wananijua. Ukifika sokoni ukauliza nyumba ya mabati yenye baraza la saruji, hata mtoto anayechunga mbuzi atakunyooshea kidole. Shamba langu la kahawa linaanzia barabarani linaishia bondeni. Lori ninalo, tena hili ni la pili, la kwanza nililichosha mwenyewe kwa kubeba magunia. Na haya yote sikurithi. Shule nilisoma kidogo tu, nikajua kuandika jina langu na kusoma mizani ya kahawa, baba akanitoa nikachunge ng'ombe. Sisemi hivyo nionewe huruma. Baadhi ya wale waliobaki darasani leo wananisubiri kando ya njia niwapakie.

Nataka msomaji ajue mapema kwamba anayesimulia hapa si mtu wa kushangaa ovyo. Nimeona mwamba ukipasuliwa kwa baruti. Nimeona ndege ikipita chini mpaka ng'ombe wakakata kamba. Nimeona mto Kagera umefura ukabeba migomba mizima na ndizi zake. Nikatazama, nikaenda zangu. Lakini kuna jambo lililotokea ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nilipokuwa bado kijana, na nikilikumbuka hata leo, nikiwa na mvi hizi, mwili unanisisimka.

Wakati huo nilikuwa kibarua katika mgodi wa bati upande wa Kyerwa. Wazungu walikuwa wanapigana vita yao huko mbali, na sisi huku tuliijua vita kwa kukosa nguo. Rafu za dukani zilikuwa tupu. Wazee waliokwisha zoea kanzu walirudi kuvaa mbugu, ile nguo ya gome la mti ya babu zetu, na waliona haya kidogo. Lakini mabwana wa mgodini walikuwa watu wa kutupa! Nyuma ya nyumba zao kulikuwa na shimo la taka, na mimi ndiye niliyekuwa mfalme wa shimo lile. Wenzangu wakitoka kazini walikwenda kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mimi nilikwenda shimoni.

Niliokota madebe ya mafuta ya taa, nikayapasua, nikayanyoosha kwa nyundo ya mti, nikaezekea nyumba. Kaisho nzima haikuwa na nyumba nyingine ya mtu mweusi isiyoezekwa kwa nyasi, na anayebisha aje tubishane. Mkebe wa sigara uligeuka koroboi. Tairi iliyokwisha niliikata makatambuga. Kasha la mbao lililoletea sabuni nililitia mgongo na mikono, likawa kiti changu, na nikikikalia nilijiona chifu. Chupa ndizo zilikuwa nyingi kuliko vyote, za jini, za wiski, za dawa, nikazipanga nyuma ya nyumba mpaka zikafanana na ukuta. Hata soksi nilikuwa nayo, soksi ndefu ya sufu ya bwana mmoja wa mgodini, nzima kabisa isipokuwa tundu la kisigino. Moja tu. Ya pili sikuiona kamwe.

"Fisi wa jalala huyo anarudi!" vijana wenzangu walipiga kelele wakiniona na gunia mgongoni. "Leo umekula nini, fisi?"

Mke wangu naye hakuniacha. Alikuwa msichana wa Nyakasimbi, mwenye mdomo, na alipenda kucheka mpaka akaegemea ukuta. "Siku moja utaniletea Mzungu mzima waliyemtupa," alisema. "Utaniambia anafaa, anahitaji kushonwa kidogo tu."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kitu kimoja tu ndicho hatukupata kukifanyia mzaha. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kabla ya siku zake, akapumua kidogo, akanyamaza. Zamani zile mtoto wa namna hiyo hakupewa jina wala hakuwekewa matanga. Wanawake walimzika shambani karibu na nyumba kabla jua halijazama, na kesho yake ulitegemewa ushike jembe kama kawaida. Nilishika jembe. Mke wangu alishika jembe. Lakini alikuwa halipalilii lile eneo, anazunguka.

Mimba ya pili ilikuja, na masika yalipoanza, ukungu wa Kagera ukalala kwenye migomba mpaka karibu adhuhuri, uchungu ukamshika. Haikuwa bado wakati. Wote tulijua.

Mkunga wetu alikuwa jirani, mama wa makamo mwenye mikono mipana. Asubuhi ile alitoka ndani akajifuta mikono kwenye majani, akanitazama nilipokuwa nimesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa kuwa sikujua niseme nini kingine.

"Marahaba. Ni msichana. Ameshuka mapema, kama yule."

"Anapumua?"

"Anapumua. Lakini usimhesabu bado."

Nikaingia. Mke wangu alikuwa amelala kwenye nyasi za kitandani, amemkumbatia mtoto kifuani kwa mikono yote miwili, na alivyonikazia macho nilijua mdomo ule wa utani umefungwa.

"Huyu simtoi," akaniambia. "Mwambie mkunga. Wakimtaka watuchukue wote wawili."

Nikanyoosha kidole nikagusa mguu wa mtoto. Mguu wote ulikuwa sawa na kidole changu cha mwisho. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, nyekundu, unaona mishipa kama ya jani ukiliinua kwenye jua. Na ilikuwa ya baridi. Baridi ile ndiyo iliyoniamsha akili, kwa sababu mkono wangu uliitambua. Mimi ni mtoto wa mtengeneza pombe. Tangu utoto mkono wangu umepimishwa joto la ndizi.

Asiyetoka kwetu nimweleze kidogo. Ndizi za pombe hukatwa zikiwa mbichi, ngumu kama kuni. Unachimba shimo, unawasha majani makavu ndani yake mpaka udongo ushike joto, unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi, unazifunika. Huko ni kuvundika. Kazi yote iko kwenye joto. Likizidi, ndizi zinapikika na kuharibika. Likipungua, zinakaa mbichi mpaka zinaoza. Mvundikaji hupitisha mkono chini ya majani, anasikiliza kwa ngozi, na baba yangu alikuwa bingwa wa kazi hiyo tarafa nzima. Mimi nilikuwa wa pili, na wengine wanasema wa kwanza.

"Mama," nikamwambia mkunga, "huyu hajaoza. Huyu ni mbichi tu. Ndizi ikiwa mbichi tunaitupa?"

"Unasema nini wewe?"

"Tumvundike."

Mkunga alipiga makofi ya mshangao. "Unataka kumtia mtoto shimoni akiwa hai?"

"Si shimoni. Nitamtengenezea."

"Fisi wa jalala," akasema, lakini polepole, na hakwenda nyumbani. Alikaa akangoja kuona.

Nyuma ya nyumba nilikuwa na mtumbwi wa pombe, gogo refu lililochongwa, kwetu tunaliita obwato, ambamo wanaume hukanyaga ndizi zilizoiva kwa nyasi mpaka maji yake yatoke. Ulikuwa wa baba yangu. Ulipasuka ncha moja, akautupa migombani, nikauokota nikitaka kuwanyweshea mbuzi. Niliukata upande mzima, ukabaki urefu wa mkono na nusu hivi, nikauosha kwa maji ya moto na majivu. Nikatandika majani makavu ya mgomba, tabaka juu ya tabaka. Nikachemsha maji kwenye debe, nikajaza chupa za jini, nikaziziba kwa magunzi ya mahindi, nikazivisha vipande vya gunia, nikazipanga pembeni kama mtu anayejenga boma. Katikati pakabaki kiota. Nikatia mkono. Nikatoa chupa moja. Nikatia mkono tena. Sawasawa.

Nguo hatukuwa nazo, vita ilikuwa imezila zote. Mke wangu ndiye aliyekumbuka soksi.

Ile soksi! Tulimwingiza mtoto humo, miguu kwanza, akazama mpaka mabegani, na mkono wake wa kulia ukatokea kwenye tundu la kisigino kana kwamba Mzungu yule aliitoboa kwa ajili hiyo. Mkunga alifunika mdomo. Nilitazama mkono ule uliotokea, vidole vitano, kila kimoja na ukucha wake, kila ukucha na mwezi wake mweupe kwenye shina. Nani alikaa akachora vitu vidogo namna ile, tena kwa mtoto ambaye hatukuruhusiwa kumhesabu? Mimi niliyejisifia koroboi na makatambuga nilijiona sijawahi kutengeneza kitu maishani mwangu.

Baba yangu alikuwa anakaa kibanja cha pili kutoka kwetu. Habari ikamfikia kabla chupa hazijapoa, akaja na fimbo yake, amekasirika mpaka shingo imevimba.

"Nimesikia umemlaza mwanamke mzazi pamoja na mtumbwi wa pombe chumba kimoja," akasema bila salamu.

"Waitu tata, ni mtoto tu aliyelala ndani yake." Tata ni baba, na waitu ni neno letu la heshima, ambalo siku ile nililitumia kila niliposhusha pumzi.

"Mtoto! Obwato hausogelewi na mwanamke aliyejifungua. Pombe ya ukoo mzima itachacha. Unataka wazee wanywe siki?"

"Tata, mtumbwi huu ulikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Nani aliutupa?"

"Mimi. Ulikuwa unavuja."

"Ulipoutupa, ulikuwa bado ni mtumbwi?"

Baba akakaa kwenye kiti changu cha sabuni. Akatoa kifuko chake cha kahawa za kutafuna, akatia moja mdomoni, akatafuna kwa muda. Mzee yule alipenda kesi kuliko chakula, na nilikuwa nimemtupia kesi.

"Nilipoutupa," akasema mwishoni, "ulikuwa gogo."

"Basi mtoto amelala kwenye gogo."

"Kwenye gogo hakuna mwiko," akakubali kwa shida. "Lakini jina sitampa. Jina nitampa akitoka humo kwa nguvu zake. Ndizi haiitwi pombe ikiwa shimoni." Akaondoka. Kwetu babu ndiye mwenye kutoa jina, kwa hiyo nilielewa amesema nini. Hata yeye alikuwa bado hajamhesabu.

Sasa aliyetakiwa kukaa na mzazi ni mama yangu, lakini mama yangu alikwisha fariki. Mkunga ana watoto wake na shamba. Ikabidi aitwe mama mkwe wangu kutoka Nyakasimbi, na hapo ndipo mambo yakawa magumu, maana kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawapiti mlango mmoja kwa wakati mmoja, na wakikutana njiani mmoja huingia migombani. Si chuki. Ni heshima, tena kubwa. Alikuja kwa miguu, akatangulizwa na mtu wa kupiga kelele, "Mama mkwe anaingia!", nami nikakimbilia nyuma ya choo mpaka akaingia ndani.

Tukagawana kazi. Yeye ndani, mimi nje kwenye banda la jiko. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa matete, nami nikatoboa tundu la kupitisha chupa. Chupa ya moto iliingia, chupa iliyopoa ilitoka, asubuhi mpaka asubuhi, na mgodini nikaomba ruhusa, niliponyimwa nikaiacha kazi. Nilimjua mama mkwe wangu kwa mkono tu. Mkono mweusi, mkavu, wenye kovu la moto karibu na kidole gumba na bangili ya shaba iliyolika. Mkono ule ulikuwa unasema. Ukirudisha chupa haraka, chupa ni kali mno. Ukingoja kidogo, ni nzuri. Mara ya kwanza alipozungumza ilikuwa kunigombeza.

"Mkwe! Hii unataka kuchemsha viazi?"

"Samahani, mama."

"Joto la ndizi ulifundishwa na nani?"

"Na baba yangu."

"Basi baba yako alikunywa zaidi kuliko alivyofundisha."

Nikasikia mke wangu akicheka ndani, kicheko dhaifu, lakini kicheko. Sikuwahi kufurahia tusi kama lile.

Mtoto hakuweza kunyonya. Mdomo wake ulikuwa mdogo, na nguvu ya kuvuta hana. Mke wangu alijikamua kwenye kikopo cha enameli kilichotupwa kwa sababu kimebanduka rangi, na mama yake alichovya unyoya wa kuku uliochemshwa, akamdondoshea mtoto tone moja kwenye ulimi, akangoja ameze, akadondosha jingine. Nilichungulia mara moja kwenye tundu, Mungu anisamehe, nikaona unyoya unashuka na ulimi unaupokea. Ulimi ule mdogo ulijua kazi yake. Hakuna aliyeufundisha. Nilirudi kwenye moto wangu nikasahau kuongeza kuni.

Siku moja mchana katekista alipita. Sisi ni Wakatoliki, na mtoto aliye hatarini hubatizwa upesi. Alikuja na kibakuli cha maji ya kisimani, na alikuwa mtu mwema, mpole, lakini nilipogusa maji yale niliruka.

"Mwalimu, haya hapana. Yapashe kwanza."

"Maji ya ubatizo hayana haja ya kupashwa moto, ndugu yangu."

"Mtoto ndiye mwenye haja. Ukimmwagia haya, utambatiza na kumzika kwa safari moja."

Akashusha kibakuli. "Yapo maji vuguvugu?"

"Hapa? Hapa ndipo nyumbani kwake!" Nikampa chupa. Akaigeuza, akaona karatasi ya jini bado imegandia, akanitazama, akaibandua kwa ukucha kimyakimya. Akabatiza. Akamchagulia jina la mtakatifu, lakini la ukoo, la kwetu, lilibaki halipo.

Basi tukawa tunakwenda hivyo, na mkono wenye bangili ukawa unangoja zaidi na zaidi kabla ya kurudisha chupa, nami nikaanza kujisifu njiani. "Mtoto wangu anaiva," niliwaambia waliopita. Wakacheka. Nikawaacha wacheke.

Kisha mvua ya mawe ikaja. Alasiri ilikuwa nyeupe tu, halafu upepo, halafu mawe. Anayeishi chini ya paa la madebe anajua. Ni kama watu mia wanamimina kokoto kichwani mwako. Paa la banda la jiko, lile la nyasi, lilibomoka likaangukia moto. Debe likapinduka. Nilijitupa juu ya makaa nikajaribu kuyafunika kwa gunia, yakafa mikononi mwangu. Nikakimbia mpaka kwa mkunga kutafuta moto, kwake pia maji tupu, nikakimbia kurudi, mawe yananipiga kichwani, na nilipofika kwenye tundu la matete nikaingiza mkono, mkono ule mwingine ukaweka chupa juu ya kiganja changu. Ilikuwa ya baridi.

"Moto umekufa, mama!" nikapiga kelele kushinda paa.

Nikasikia mke wangu anatetemeka kwa homa, meno yanagongana, ilikuwa imemshika tangu asubuhi. Mtoto sikumsikia.

Nikazunguka mpaka mlangoni. Nikasimama kizingitini, maji yananitiririka, na nikamwona mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Alivuta mbugu akajifunika kichwa, akageukia ukuta, kama heshima inavyotaka.

"Toka, mkwe!"

"Mama, amepoa?"

Paa lilipiga na kupiga. Halafu akateremsha mbugu kutoka kichwani, akageuka, akanitazama machoni. Alikuwa mzee kuliko mkono wake.

"Ingia," akasema.

Alikuwa amemtoa mtoto kwenye gogo amemweka kifuani pake, lakini kifua cha mzee yule kilikuwa kimekauka na baridi imemwingia. Mke wangu alikuwa anatetemeka, asingeweza kumshika. Mama akanigusa shavu kwa kiganja, kama unavyopima ndizi. Nilikuwa nimekimbia, damu inachemka.

"Wewe una moto. Vua shati."

Ninyi mliokua mjini hamwezi kujua maneno hayo yana uzito gani. Mbele ya mama mkwe mtu hafungui hata kifungo cha kola. Nikavua. Nikajipangusa kwa gunia. Nikalala chali kwenye nyasi karibu na mke wangu, na mama mkwe wangu akamtoa mtoto kwenye soksi, akamlaza juu ya kifua changu akiwa uchi, akatufunika kwa mbugu yake mwenyewe na ya mke wangu. Mtoto alikuwa wa rangi ya majivu. Hakuwa na uzito. Nimebeba magunia ya kahawa mawili kwa mpigo, na sijapata kubeba kitu kilichonilemea vile.

Mama mkwe akageuka akatafuta kuni kavu. Hazikuwepo. Macho yake yakaangukia kiti changu cha kasha la sabuni. Akakipiga teke, akakivunja juu ya goti, akachukua koroboi iliyokuwa inawaka pembeni, ambayo kwa hofu hata sikuikumbuka, akawasha majani makavu kutoka kwenye lile gogo, akakoka moto palepale sakafuni na chupa akazisogeza pembeni yake zipate joto. Niliona uchifu wangu unaungua.

Nilikuwa nasikiliza. Mvua ilipopungua niliusikia moyo wake, au niliuhisi, sijui, ulikuwa unagonga juu ya wangu, mwepesi, wa haraka, kama kifaranga ndani ya yai anapogonga atoke. Ulikuwa unasimama. Ulikuwa unaendelea. Kila uliposimama na mimi nilisimama. Na polepole, kama vile ndizi zinavyoanza kubadilika huko chini bila mtu kuona, nikasikia ngozi iliyokuwa baridi imefanana na yangu, sijui mwisho wangu uko wapi na mwanzo wake uko wapi. Mkono wake ukatambaa kifuani mwangu ukashika nywele. Ukavuta. Nguvu ile! Kiumbe kisicho na nyama ya kujaza kikombe kilinivuta mpaka machozi yakanitoka, na nikawa nashukuru kwa kuumizwa.

Kisha akapiga chafya, akalia. Mara ya kwanza kulia kwa kweli.

"Msikie huyo," mama mkwe akasema, na akakaa chini sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu.

Habari za shati zilienea Kaisho yote. Hapana shaka mkunga ndiye aliyezitoa, mvua ilipokatika alipata moto kwingine, akaja kutuletea, akatukuta. Baba yangu alifika na wazee wawili, na fimbo.

"Ni kweli umevua shati mbele ya mama wa mke wako?"

"Kweli, waitu."

"Na yeye alikuona?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma ya matete, maana mama alikwisha jifunika tena na kurudi upande wake.

"Nani anasema nilimwona mkwe? Mimi sikuona mtu. Moto ulikuwa umekufa, nikaona jiko limeingia mlangoni, nikamweka mtoto juu yake."

Wazee wakatazamana. Baba alijaribu kubaki na hasira, uso ukamshinda, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa na mzee mmoja akampiga mgongoni. "Jiko!" alirudia. "Gogo na jiko! Nyumba hii haina hata mtu mmoja wa kushtakiwa."

Tulimtoa mtoto mwishoni mwa masika. Mama mkwe ndiye aliyesema, kupitia matete, kwamba chupa zinamsumbua, anazipiga mateke na jasho linamtoka. Nilitia mkono wangu nikapima. Kweli. Joto lilikuwa linatoka kwake kuja kwenye chupa. Mke wangu alimbeba mpaka uani kwenye jua la asubuhi, akiwa amefungwa mbugu mpya, na soksi imekwisha mbana. Baba yangu akaletwa. Akaketi kwenye nyasi, akamchukua, akamgeuza huku na huku kama anatafuta ufa. Mtoto akamshika kidole, akakitia mdomoni, akanyonya kwa kelele.

Baba akampa jina la mama yake mzazi. Wajukuu walikuwapo wengi kabla yake, wa kaka zangu, na hakuna aliyewahi kupewa jina hilo. Silitaji hapa, ni lake. Nasema tu kwamba baba alipolitamka alivua kofia.

Siku chache baadaye mama mkwe akaondoka kurudi Nyakasimbi. Nikajificha nyuma ya ukuta wa matete kama inavyopasa, nikasikia nyayo zake zikipita uani, nikamsikia akimuaga binti yake, wakilia na kucheka. Nilikuwa na mengi ya kumwambia mwanamke yule. Mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema, nilisimama pale na matete yananigusa pua, sina neno. Nyayo zikafika mwanzo wa migomba, zikasimama.

"Mkwe!" akaita. Hakugeuka, nilijua kwa sauti kwamba hakugeuka. "Usije ukamfunika sana. Sasa ana moto wake mwenyewe."

"Ndiyo, mama," nikajibu.

Nikangoja mpaka nyayo zikapotea. Kisha nikaingia ndani, nikamkuta mtoto amelala kifuani kwa mama yake chini ya mbugu mbili, nikaiondoa moja.